Sekunde 25 za Kubana Pumzi

Daktari aliponiambia kwamba titi lenye saratani ni la kushoto, sikuona kama upande una maana yoyote. Titi ni titi. Miezi mingi baadaye, upasuaji umeshapita, dripu za kemo zimekwisha na nywele zimeanza kurudi kama manyoya ya kifaranga, ndipo nilipogundua kwamba kila aliyefungua faili langu kwa ajili ya mionzi alisoma neno "kushoto" kwa sauti, kisha akanitazama.

Moyo umekaa katikati ya kifua, lakini umeegemea kushoto, na ncha yake iko karibu kabisa na mbavu. Mionzi ya titi haipigwi kutoka mbele kama tochi. Inapitishwa kwa pembeni, ikikwangua ukuta wa kifua kutoka pande mbili, kama kisu kinavyomenya ganda bila kuzama kwenye tunda. Lakini kifua ni duara na mionzi hunyooka, kwa hiyo haiwezekani kumenya bila kugusa kidogo cha ndani. Kinachoguswa kwanza ni ukanda mwembamba wa pafu. Ukiwa mgonjwa wa kulia, mara nyingi mambo huishia hapo. Ukiwa wa kushoto, nyuma ya ule ukanda kuna moyo, tena upande wa mbele unapopita mshipa mkubwa unaolisha sehemu kubwa ya msuli wake.

Haya yote sikuyajua nilipouliza mara ya kwanza. Nilikuwa bado kule nilikofanyiwa upasuaji, nikamuuliza daktari mmoja, "Na moyo wangu je, hautaungua?" Akacheka kwa upole. "Usiwe na wasiwasi mama, mashine za siku hizi zina akili." Nikarudi nyumbani nimetulia. Leo jibu lile linanikera kuliko angeniambia hajui. Mashine haina akili ya kuusogeza moyo. Inapiga pale ilipopangiwa kupiga, na mpango unatokana na picha ya CT inayochukuliwa siku moja, kabla ya kipindi cha kwanza. Ukipigwa picha hiyo huku unapumua kawaida, umepangiwa mionzi ya kupumua kawaida. Kubadilisha baadaye maana yake ni kupiga picha upya na kupanga upya, na hakuna anayependa kazi hiyo. Swali langu lilikuwa sahihi. Nililipeleka tu mahali pasipo pake.

Kituo cha mionzi kilikuwa na daktari asiye na maneno mengi, na hilo lilinisaidia. Alianza na sababu ya kunipiga mionzi, maana nilishaanza kuiogopa kiasi cha kutaka kuikataa. Aliniambia kuna uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2011, wa wanawake zaidi ya 10,000 waliotolewa uvimbe na kubakiziwa titi kama mimi. Kwa wasiopigwa mionzi, katika miaka 10 saratani ilirudi kwa wanawake 35 hivi kati ya 100. Kwa waliopigwa, 19 hivi. Na vifo vya saratani hiyo navyo vilipungua. "Kwa hiyo suala la kupiga au kutopiga tumelimaliza," akasema. "Tuzungumze namna ya kupiga."

Kisha akauliza, kwa sauti ileile, "Unavuta sigara?"

Nikasema hapana.

Mume wangu alikuwa ameketi kiti cha pembeni, naye hakuwa akijua. Nilivuta miaka 19, sigara nne au tano kwa siku, nyuma ya nyumba, nikisukutua mdomo na kubadili kanga kabla hajarudi. Tulipotoka nilifika hadi kwenye ngazi, nikajifanya nimesahau mkoba. Ukweli ni kwamba niliuacha makusudi. Nikarudi peke yangu, nikasimama mlangoni. "Daktari, lile la sigara... ndiyo."

Hakunihubiria. Akavuta karatasi akaandika namba mbili. Kwa mwanamke asiyevuta, hatari ya kuja kufa kwa saratani ya mapafu iliyoletwa na mionzi ya titi ni kama 0.3 kati ya 100. Kwa aliyevuta muda mrefu na akaendelea kuvuta, ni kama 4 kati ya 100. Hesabu hizo zimetoka kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2017, na ni za kutazama miaka mingi mbele. Kwa moyo tofauti ni ndogo zaidi, lakini ipo: 0.3 kwa asiyevuta, 1 kwa anayeendelea. Akaniambia kwamba kwa mvutaji sugu, madhara ya mionzi yanaweza kuyazidi manufaa yake, na kwamba nikiacha sasa, kabla ya kuanza, sehemu kubwa ya ile hatari ya ziada naiepuka. "Hakuna kifaa humu ndani kitakachokulinda kuliko hilo," akasema. Nikachukua mkoba wangu.

Niliacha siku ileile, wiki tano kabla ya kipindi cha kwanza. Sitajisifu, maana haikuwa nguvu ya moyo. Ilikuwa woga mtupu, na jioni nilikuwa mkali nyumbani mpaka watoto wakadhani ni dawa za kemo. Mume wangu nilimwambia siku ya nane. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba ile harufu alidhani ni ya jirani.

Siku ya picha ya CT nilikutana na binti wa mionzi ambaye ndiye aliyenifundisha kupumua, mimi niliyekuwa nikipumua tangu kuzaliwa. Nilidhani kubana pumzi ni mchezo wa watoto. Ukivuta pumzi ndefu, aliniambia, mambo mawili hutokea. Mapafu hujaa na kuinua kifua, na kile kiwambo kilicho chini ya mapafu hushuka, kikiuvuta moyo chini na nyuma pamoja nacho. Kati ya moyo na mbavu panabaki nafasi iliyojaa hewa. Mashine inapiga wakati umebana pumzi hiyo tu. Ukishusha pumzi, inazimwa.

"Unaweza kubana sekunde ngapi?" akauliza.

"Hata dakika," nikajibu. Kiburi hicho.

Nililala chali juu ya ubao ulioinama kidogo, mikono yote nimeinua juu ya kichwa nikishika vishikio. Bega la kushoto lilikuwa bado limekaza tangu watoe tezi za kwapani, likawa linaunguza kama limemwagiwa maji ya moto. (Kama umefanyiwa upasuaji na umepewa mazoezi ya bega, yafanye. Mimi niliyadharau, nikalipia pale juu ya ubao.) Nikavalishwa miwani yenye kioo kidogo ndani, na kwenye kioo palikuwa na mstari mmoja unaopanda na kushuka kufuata kifua changu, na juu yake kisanduku cha kijani. Kazi yangu ilikuwa kuuingiza mstari kwenye kisanduku na kuushikilia humo.

Nikavuta. Mstari ukapanda, ukaingia ndani vizuri. Nikajiona bingwa. Mara nikahisi mkono ukipenya chini ya mgongo wangu, kati yangu na ubao, pale ambapo hapakutakiwa kuwa na nafasi.

"Mama, umeinua mgongo."

Kumbe bila kujua nilikuwa nadanganya. Nilikuwa najikunja kama upinde ili kifua kipande na mstari uingie. Mashine inayotazama kifua kwa juu ingeona kifua kimepanda, lakini ndani mapafu yasingekuwa yamejaa na moyo ungekuwa palepale. Akauacha mkono wake pale chini. "Nikandamize mkono. Usiuachie. Sasa vuta." Safari hii mstari ukaishia nusu ya njia. Nikajaribu tena nikainua mabega, akanishika bega. Mara ya nne nikapata: pumzi inaingia polepole kwa pua, mbavu zinafunguka kwa ubavuni, mgongo umelala, mabega yamelala. Nikabana. Kufika sekunde ya 14 nikaachia kama puto.

Akanirudisha nyumbani na kazi ya wiki moja. Vuta, bana sekunde 20, shusha, pumzika, rudia mara tano, asubuhi na jioni, nikiwa nimelala chali na mikono juu. Sekunde 20 hadi 25 zinatosha, hawataki dakika. Wanataka pumzi ileile kila mara, isiyozidi wala kupungua, kwa sababu wakikupangia na pumzi kubwa kupita kiasi, siku ya 10 umechoka hutaifikia. Niliweka rundo la khanga zilizokunjwa juu ya kifua ili nizione zikipanda. Mwanangu wa mwisho akawa ndiye saa yangu. Alihesabu haraka alipotaka kwenda kucheza.

Baada ya wiki nikapigwa picha mbili, moja ya kupumua kawaida na moja ya kubana pumzi. Niliomba kuziona. Wengine hawaombi, na wala si lazima, lakini mimi ni mtu wa kuamini kwa macho. Mtaalamu wa fizikia, kijana aliyekuwa akipanga mionzi yangu, akaziweka sambamba kwenye skrini. Ya kwanza, moyo ulikuwa umeegemea mbavu kama mtu aliyejiegemeza ukutani, na mstari wa mionzi ukikata ncha yake. Ya pili ilikuwa mimi yuleyule, dakika chache baadaye, lakini kati ya moyo na mbavu palikuwa na ukanda mweusi. Weusi ule ni hewa. Ulikuwa na upana wa kidole hivi.

"Bila kubana pumzi wastani wa mionzi kwenye moyo ungekuwa grei 4.6," akasema. "Hapa ni 1.9."

Grei ndicho kipimo cha kiasi cha mionzi. Titi langu lilipangiwa grei 40, kwa vipindi 15, wiki tatu. Nikamuuliza hiyo tofauti ya 4.6 na 1.9 ina maana gani kwa mtu. Akanieleza kuhusu utafiti wa wanawake wa Sweden na Denmark uliotoka mwaka 2013, waliotibiwa kati ya 1958 na 2001. Kila grei moja iliyoongezeka kwenye wastani wa moyo iliongeza hatari ya shambulio la moyo na mengine ya jinsi hiyo kwa asilimia 7.4. Hakukuwa na kiwango cha chini ambacho ungesema hapa ni salama kabisa. Na madhara yalianza kuonekana ndani ya miaka mitano, yakaendelea hata baada ya 20.

Niliposikia 7.4 nilishika shavu. Yeye akaona. "Mama, si watu 7 kati ya 100. Ni asilimia 7 ya hatari uliyonayo tayari." Akanichorea. Kama katika wanawake 100 wanaofanana nawe, wawili wangepata shida ya moyo hata bila mionzi, grei moja inaongeza, wanakuwa 2.15. Kwa hiyo anayeanza na presha, sukari na sigara, nyongeza hiyohiyo kwake inakuwa kubwa zaidi, kwa sababu inazidishwa na mzigo aliokuja nao. Mimi nilikuja na presha ya kupanda kidogo, na kwenye kemo nilikuwa nimepewa doksorubisini, ile dawa nyekundu, ambayo nayo ina historia yake na msuli wa moyo. Ndiyo maana walinipima eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kabla ya kuanza. Tangu siku hiyo vidonge vya presha sijawahi kuvisahau. Zamani nilivimeza nikikumbuka.

Kipindi chenyewe cha mionzi ni kifupi kuliko maandalizi yake. Unalala, wanakupanga kwa mistari ya leza na vile vidoti vitatu vya wino walivyokutoboa kwenye ngozi, wanatoka, mlango mzito unafungwa. Unabaki peke yako na sauti kwenye spika: "Mama, vuta pumzi... bana." Kisha mlio kama nyuki ndani ya debe. Hakuna maumivu wala joto. Nilikuwa nikibana mara tano au sita kwa siku. Siku ya tatu nilikohoa katikati, mstari ukatoka kwenye kijani, na mlio ukakatika palepale kabla sijajua nimefanya nini. Nilijiandaa kugombezwa. Sauti ikasema tu, "Hakuna shida, pumua, tutaendelea ulipoishia." Siku hiyo niliacha kuogopa kukosea. Na ninakiri, yule daktari wa kwanza alikuwa na haki kidogo: kuna akili ndani ya mashine, lakini ni akili ya kuzima.

Kwenye benchi la kusubiria nilijifunza kwamba kubana pumzi si njia pekee. Dada mmoja mwenye pumu hakuweza hata sekunde 10. Yeye walimkinga kwa vibamba vya chuma vilivyo ndani ya kichwa cha mashine, vinavyosogea na kufunika ule ukingo wa moyo, baada ya kuhakikisha kwamba vibamba havifuniki sehemu ulipokuwa uvimbe. Mwingine mwenye matiti makubwa alikuwa akilazwa kifudifudi juu ya ubao wenye tundu, titi likining'inia chini mbali na mbavu. Kwa pafu njia hiyo ni nzuri mno, lakini moyo unaweza kuuangukia ukuta wa kifua kwa uzito wake, kwa hiyo si kila wa kushoto inamfaa, mpaka picha iamue. Wa kulia wengi walikuwa wakipumua zao kawaida. Tulikuwa tukiwaonea wivu.

Mimi, kwa kuwa tezi mbili za kwapani zilikutwa na saratani, nilipigwa pia juu ya mfupa wa mtulinga. Pale chini yake ndipo kilele cha pafu kilipo, na daktari aliniambia waziwazi kwamba kwa hapo pafu langu litapata zaidi ya la mwenye titi peke yake. Akaniandikia kwenye kadi: kikohozi kikavu, pumzi kukata, homa ndogo, ndani ya miezi sita, rudi. Nikaiweka kadi kwenye mkoba, nikaisahau.

Wiki ya tisa baada ya kumaliza kikohozi kikaanza. Kikavu, cha kukera, hasa nikicheka au nikipanda ngazi. Nikaenda zahanati ya karibu, nikapewa antibiotiki. Hakikukoma. Nikaenda tena, nikapewa nyingine kali zaidi. Hakuna aliyeniuliza kuhusu mionzi, na mimi sikusema. Kwa akili yangu ile ilikuwa habari iliyokwisha, ngozi imeshapona, rangi imesharudi, kikohozi kinahusiana na nini? Usiku niliogopa kitu kingine kabisa, kwamba saratani imehamia mapafuni, na hofu hiyo ndiyo iliyonifanya nisitake kwenda kuuliza. Wiki tatu zikapita hivyo. Kadi niliiona nikitafuta risiti.

Picha ya kifua ilionyesha wingu upande wa juu kushoto. Daktari akaniita nilitazame. Ukingo wake ulikuwa umenyooka, kana kwamba mtu amepiga rula. "Maambukizi hayana rula," akasema. "Huu ni mpaka wa mionzi yetu." Pafu lilikuwa limevimba kwa kuungua, si kwa vijidudu wala kwa saratani. Dawa yake ilikuwa steroidi, prednisoloni, na onyo kali: usiache ghafla, unashuka kidogo kidogo wiki hadi wiki kama tutakavyokuandikia. Ndani ya siku nne kikohozi kililegea. Uso ukanivimba kama andazi, usingizi ukanipaa, nikala mpaka nikaona aibu, lakini pumzi ilirudi. Katika picha ya mwisho kulikuwa kumebaki kovu dogo juu kule. Silihisi, isipokuwa nikikimbia, na mimi si mkimbiaji.

Siku hizi natembea na karatasi moja niliyoomba siku ya kuondoka kituoni, nikaipiga na picha kwenye simu. Ina upande uliopigwa, grei ngapi, vipindi vingapi, wastani wa moyo, na majina ya dawa za kemo nilizopewa. Mwezi uliopita nilikwenda kupimwa presha kwa daktari mpya, kijana mdogo, akaanza kunihoji kwa haraka kama wanavyofanya. Nikamwonyesha karatasi. Akaisoma, akairudia, akaagiza nipimwe na mafuta kwenye damu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniagizia. Kisha akarudi kwenye fomu yake.

"Unavuta sigara?"

Mume wangu alikuwa ameketi kiti cha pembeni.

"Nilivuta," nikasema. "Miaka 19."

"Uliacha lini?"

"Wiki tano kabla ya mionzi," akajibu mume wangu, na kijana akaandika.